Kibali cha Kuwahi

Siku hizo ndege ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya ilikuwa imebaki kwenye hadithi za wazee. Sheria ya Usiku Mmoja ilikuwa fupi na haikubembeleza mtu: safari yoyote ambayo treni inaweza kuimaliza kwa usiku mmoja, ndege isiiguse. Unakwenda mbali, ruka. Unakwenda karibu, lala. Mwaka wa kwanza watu walipiga kelele, wakaandika magazetini, wakatishia kwenda mahakamani. Mwaka wa pili wakazoea. Mwaka wa tatu wakaanza kujigamba kwamba wanalala vizuri zaidi kwenye treni kuliko majumbani mwao, na hapo serikali ikajua imeshinda.

Gwantwa Mwaisaka alikuwa upande wa washindi. Alikuwa mhandisi wa Shirika la Reli ya Usiku, na jioni hiyo alipanda behewa kama abiria mwingine yeyote, na begi la nguo na mfuko wa korosho. Korosho zilikuwa za mama yake, kule Kiwira. Bibi yule hakuwa na meno ya kuzitafuna tangu zamani, lakini alipenda kuwagawia wajukuu moja moja, na mtoto wake aliyetoka Dar bila korosho alinuniwa mpaka siku anaondoka. Kifua kilikuwa kinamsumbua mama huyo tangu Pasaka. Gwantwa alikuwa na kikao Mbeya siku ya Ijumaa, na Jumapili angeteremka Kiwira kumwona. Ndivyo alivyopanga, na alikuwa mtu wa mipango.

Chumba kilikuwa na vitanda vinne, kila kimoja na pazia lake, na viwili vilikuwa vitupu. Kwenye kitanda kilichotazamana na chake aliketi baba mmoja wa makamo, amevaa suti kamili na ndala. Viatu vyake vyeusi alikuwa amevipakata mapajani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Naona kitambulisho hicho. Wewe ni mtu wa reli?"

"Ndiyo, baba."

"Basi Mungu kanileta chumba hiki." Akajitambulisha kuwa ni Mwasenga, mnunuzi wa kahawa wa Vwawa. Kisha akaelekeza kidole kwenye utepe uliokuwa unaning'inia juu ya mto, ule ambao abiria waliubatiza kilemba. "Nisaidie jambo moja. Hiki kitu nikishakivaa, ndiyo basi mpaka Makambako?"

"Mpaka Makambako. Dakika mbili tu utakuwa umelala, na hutaamka mpaka kikuamshe chenyewe asubuhi. Ukiamshwa katikati utashinda siku nzima ukitapika."

"Na simu yangu?"

"Simu yako inalala na wewe. Ujumbe wote unakwenda kwa Mlinzi, ile mashine yetu inayosoma habari za abiria."

Mwasenga akavigeuza viatu vyake, akaviangalia soli, akavirudisha mapajani. "Mke wangu ana ugonjwa wa moyo. Nimemwacha na dada yake. Ikija habari usiku, huyo Mlinzi ataniamsha?"

"Akiona bado unaweza kumkuta mzima, ataisimamisha treni stesheni ya karibu na utapewa kibali cha kuwahi. Kuna ndege ndogo ya dharura kwenye kila kipande cha reli. Inakuchukua wewe peke yako, inakupeleka mpaka uwanja ulio karibu na kwako."

"Na akiona siwezi?"

"Atakuacha ulale, baba. Aliyefariki hana haraka tena."

Alilisema kwa upole, lakini kwa upole wa mtu aliyekwisha kulisema mara nyingi vikaoni. Mwasenga akamtazama kidogo.

"Atajuaje? Maana watu wetu unawajua. Mimi baba yangu alipofariki niliambiwa anaumwa tumbo. Nikasafiri siku mbili na dawa za tumbo mfukoni. Nimefika nakuta watu wamejaa uani, kaburi limeshachimbwa."

"Ndiyo maana tumemfundisha," Gwantwa alisema. Hapo sauti yake ilichangamka, kwa sababu hili lilikuwa jambo lake, alilolilea kuliko mtoto.

Na kweli lilikuwa lake. Sheria ilipoanza, kibali cha kuwahi alipewa kila aliyeleta ujumbe wa nyumbani unaosema mgonjwa ni mahututi. Kumbe mahututi wengi walikuwa wamekwisha kuoshwa na kuvikwa. Hapakuwa na ubaya wowote kwa ndugu waliotuma ujumbe. Mtu aliye njiani haambiwi msiba, huo ndio ustaarabu wetu. Anaambiwa mgonjwa wako hajambo kidogo, anakuulizia, njoo tu. Akifika, anaketishwa, anashikwa mikono na watu wazima, ndipo anaambiwa. Anayemtangazia mtu kifo cha mzazi akiwa peke yake barabarani ni mtu asiyelelewa.

Lakini ndege hazikuwa nyingi, na betri zake zilikuwa za safari moja asubuhi na moja jioni. Mwaka ule wa kwanza zilibeba watu kwenda kuwaona maiti. Siku moja pale stesheni ya Mlimba, mwanamke ambaye mtoto wake alikuwa kweli anakata roho hospitali ya Mbeya aliambiwa kiti kimeshachukuliwa. Aliyekichukua alikuwa anakwenda kumzika babu yake, ila mwenyewe hakujua. Yule mama alikaa kwenye sakafu ya stesheni, akavua kitambaa cha kichwa, hakulia. Gwantwa ndiye aliyekuwa kwenye dirisha la kutoa vibali siku ile. Alirudi nyumbani akashindwa kula, na tangu hapo akajifunga kibwebwe.

Akamfundisha Mlinzi kuunusa uongo wa heshima. Alimlisha maelfu ya ujumbe wa familia, wa kweli na wa kuficha, mpaka akazijua tabia zetu kuliko mashangazi. Anayeficha msiba hataji ugonjwa wala dawa. Anaandika kwa kifupi. Anasema njoo tu. Na wakati huohuo binamu watatu kutoka pande tatu wanakata tiketi za kwenda kijiji kimoja. Familia zilipogundua kwamba zinanuswa, zikaanza kutuma sauti za wagonjwa wenyewe wakisema njoo mwanangu. Zikaja kugundulika kuwa sauti za zamani, zilizohifadhiwa simuni tangu marehemu yu hai. Basi Mlinzi akafundishwa kwamba sauti nayo si ushahidi. Tangu hapo ndege zikawa zinawabeba wanaostahili, na Gwantwa akapewa cheo.

"Kwa hiyo mashine inajua lini dada wa mke wangu ananidanganya," alisema Mwasenga.

"Mara nyingi sana, baba."

"Na siku atakaposema kweli?"

"Hilo pia inalijua. Lala salama. Habari ikija, wewe utakuwa wa kwanza."

Mwasenga alishusha pumzi, akaviweka viatu chini, vimetazama mlangoni. "Umenituliza moyo, mwanangu," alisema, akavuta pazia. Gwantwa akavaa kilemba chake. Nje jua lilikuwa bado halijazama vizuri na treni ilikuwa haijavuka hata viunga vya jiji.

*

"Ugonile, Gwantwa."

Kila kitanda kilimwamsha mtu wake kwa salamu ya kwao. Yeye ndiye aliyependekeza hilo pia. Wanyakyusa husalimiana kwa kuulizana kama wamelala, na abiria wa Rungwe walifurahi sana kusikia kitanda cha shirika kikiwauliza jambo hilo kwa lugha ya mama zao. Akafungua macho. Dirisha lilikuwa jeupe kwa ukungu, na baridi ya Makambako ilikuwa imeshapenya. Akajinyoosha, akavuta pazia, akamwona mhudumu ameketi pembeni ya kitanda chake na kikombe mkononi.

Ameketi. Hakusimama.

Msichana huyo aliitwa Zabibu, mtu wa Pangani, mwembamba na mwenye sauti ya chini. Gwantwa alikuwa anamfahamu. Kikombe kilikuwa na chai ya maziwa, tangawizi na sukari nyingi. Abiria wengine huifuata chai yao behewa la chakula. Anayeletewa kitandani na mhudumu akakaa naye ni yule ambaye Mlinzi anaamini amefiwa. Haambiwi kitu, anaambiwa tu kuna ujumbe wa nyumbani, atapewa akifika kwa wenyeji wake. Hata mashine ilifundishwa adabu. Gwantwa aliandika utaratibu huo kwa mkono wake, mpaka kipimo cha sukari.

"Kunywa kwanza, dada," alisema Zabibu.

"Hiyo chai ya nani?"

"Kunywa, dada yangu. Kuna ujumbe wa nyumbani, utaupata..."

"Zabibu, mimi ndiye niliyeandika maneno hayo. Nipe kishikwambi."

Zabibu alisita, kisha akampa. Gwantwa akaweka kidole, akafunguliwa kila kitu, maana hakukuwa na mlango wa Mlinzi usiomfahamu. Ujumbe ulikuwa wa mdogo wake, Ambilikile, na uliingia jana jioni, muda mfupi tu baada ya yeye kuvaa kilemba. *Dada, mama hali si nzuri. Anakuulizia. Fanya uje usiku huu.* Mfupi, hautaji ugonjwa. Chini yake Mlinzi alikuwa ameweka sababu nyingine: shangazi yao wa Kyela na binamu mmoja wa Chunya walikata tiketi jana hiyohiyo. Hitimisho: msiba. Asiamshwe.

Na chini ya hayo kulikuwa na sauti. Mlinzi aliipiga chapa ya kijivu, yaani haina uzito.

Akaiweka sikioni.

"Gwantwa." Mama yake alikuwa anahema baada ya kila neno. "Huyu mtoto ananiambia niseme. Nimekaa. Nimekunywa uji wa Ambi, hauna hata chumvi. Mvua ya leo imeuangusha ule mgomba wako wa mlangoni, nimewaambia wasiukate mpaka uuone. Njoo basi mama, nikuone."

Alimwita mama, kama wanavyowaita watoto wao wa kike kwa mapenzi. Mgomba ulianguka jana. Sauti ilikuwa ya jana. Haikuwa imehifadhiwa popote, haikuwa ya kumdanganya mtu, ilikuwa bibi mzima aliyekaa kitako na bakuli la uji anamwita binti yake, na binti yake alikuwa amelala umbali wa saa chache kwa ndege, kwa sababu mashine yake ilijua kwamba watu wa kwao ni waongo.

Gwantwa alichukua simu yake. Hakulia. Alipiga simu.

Ilichukua muda kupokelewa.

"Dada."

"Ambi, mama yuko?"

Nyuma yake kulikuwa na sauti za watu, na kitu kama viti vinavyoburutwa.

"Yupo. Anaumwa tu. Umefika wapi?"

"Makambako. Nipe niongee naye."

"Amepumzika kidogo. Wewe njoo tu, dada. Usiwe na wasiwasi. Njoo tu."

Akakata.

Sasa hapo ndipo ulipo uchungu wote wa habari hii. Kama angekuwa ni mtu mwingine yeyote ameleta maneno hayo dirishani pake, Gwantwa angeyasoma mara moja. Hakutaja dawa. Amesema njoo tu, tena mara mbili. Viti vinaburutwa. Jana jioni Ambilikile alisema kweli na hakuaminiwa. Asubuhi hii alikuwa anamficha, na Gwantwa alitaka kumwamini kwa nguvu zake zote. Alitaka kuamini kwamba viti ni vya majirani waliokuja kuangalia hali. Mtu akitaka kitu hivyo hasikii kingine.

Kishikwambi kikatikisika mkononi. Mlinzi alikuwa na habari nyingine. Ujumbe mpya kutoka Vwawa, uliotumwa dakika chache nyuma: *Shemeji, moyo umembana tangu saa kumi, daktari wa zahanati kamwekea dripu lakini anasema tumtoe hapa, hatuna gari, anakuita jina lako.* Mrefu, una ugonjwa, una dripu, hauna adabu yoyote. Hitimisho: mgonjwa yu hai. Kiti cha ndege ya asubuhi, uwanja wa nyuma ya stesheni ya Makambako: Mwasenga.

Kiti kimoja. Ndege ikishaondoka na kutua, itakaa kwenye umeme mpaka jioni.

Pazia la pili lilikuwa bado limefungwa. Kwa ndani alisikika mtu anajikohoza, anatafuta viatu kwa miguu.

Gwantwa alijua kabisa ni nini kilichokuwa mbele yake. Nisimsemee uongo, hakuchanganyikiwa. Alimkumbuka mpaka yule mama wa Mlimba aliyevua kitambaa. Kisha akaweka kidole chake juu ya jina la Mwasenga, akaliondoa, na kuweka la kwake. Mlinzi akauliza kwa herufi za adabu kama ana uhakika, kwa kuwa mgonjwa wa abiria Mwaisaka anadhaniwa amefariki. Akabonyeza ndiyo.

"Dada," Zabibu alinong'ona. Alikuwa ameona yote. "Kiti hicho kina mwenyewe."

"Mama yangu ni mzima, Zabibu. Nimesikia sauti yake."

"Ya jana."

"Nimeongea na mdogo wangu sasa hivi. Amesema yupo."

Zabibu alikiangalia kikombe cha chai, ambacho kilikuwa kimeanza kuganda utando juu. Alikuwa mtu mdogo kazini, na huyu alikuwa mkubwa wake, na mama ni mama. "Na baba huyu nimwambieje?"

"Utaratibu unajua. Asiye na kibali haambiwi mpaka afike."

Pazia likafunguka. Mwasenga alikuwa amevaa viatu vyake vyeusi, vimefungwa vizuri, na uso umechangamka kwa usingizi mnono.

"Habari za asubuhi, wanangu! Ama kweli kitu hiki kinalaza." Akaona begi begani mwa Gwantwa. "Mbona unashukia hapa? Nyumbani wazima?"

"Wazima, baba. Ni kazi tu."

"Na mimi? Hakuna habari yoyote iliyokuja?"

Zabibu aligeukia dirishani. Gwantwa alimtazama yule mzee machoni, na maneno yalitoka laini, kwa sauti ileile ya Ambilikile.

"Hakuna habari, baba. Safari njema."

"Ahsante mwanangu. Mungu akubariki."

*

Ndege ilikuwa ndogo, na rubani wake hakuwa mtu wa maneno. Aliuliza jina la uwanja, akaambiwa ule wa mashamba ya chai karibu na Tukuyu, akaruka. Gwantwa alipiga simu tena wakiwa juu ya mawingu.

"Ambi, nakuja kwa ndege. Nusu saa nitakuwa hapo. Mwambie mama."

"Kwa ndege?" Ambilikile alisema. Sauti ilimkatika. "Dada, ndege ya nini sasa? Ungekuja tu na treni."

Ndege ya nini sasa. Gwantwa aliiondoa simu sikioni, akaiweka mapajani. Angeweza kumwambia rubani ageuze. Makambako haikuwa mbali, treni ilikuwa bado imesimama, na mzee wa suti alikuwa pengine anakunywa chai yake behewa la chakula. Alifungua mdomo. Kisha akajiambia labda Ambi amechoka tu, amekesha, anasema ovyo. Akaufunga mdomo, na mashamba ya chai yakaanza kuonekana chini, mabichi kabisa.

*

Turubai lilikuwa limeshafungwa uani. Ni turubai lile la kanisa, la bluu, lenye kiraka cheupe. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, na mmoja wao alipomwona akishuka kwenye pikipiki alisimama, na wengine wote wakasimama, na kutoka ndani wanawake wakaanza kulia kwa pamoja kwa sababu mtoto amefika.

Walimfanyia kila kitu kama ilivyotakiwa. Walimpokea begi. Walimshika mikono huku na huku, wakamketisha kwenye mkeka, na mzee wa kanisa akaanza kuzungumza maneno ya mzunguko. Gwantwa alimwacha amalize. Mfuko wa korosho tu alikataa kuuachia.

Walipompa nafasi, Ambilikile alikuja akachuchumaa mbele yake. Alikuwa na macho mekundu na shati alilokesha nalo.

"Alfajiri, dada. Jogoo wa kwanza. Nisamehe. Ningekwambiaje uko njiani, peke yako, na watu baki?"

"Najua."

"Jana alikuwa anaongea vizuri kabisa. Alikaa. Alinisema kwa ajili ya uji. Nikamwambia dada mwenyewe ndiye mwenye ndege, ukimwita usiku huu atakuja. Basi hakutaka kulala. Kila upepo ukivuma kwenye migomba anasema hiyo ndege, nendeni mkamulike taa. Nikaenda, nikamulika. Mara ngapi, sijui." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Baadaye akasema mwacheni, atakuwa kalala, anafanya kazi sana huyu."

Gwantwa aliuangalia mgomba. Ulikuwa umelala mlangoni vilevile, haujakatwa, na waombolezaji walikuwa wanauruka wakiingia ndani.

"Dada, ule ujumbe wangu ulifika?"

Lilikuwa swali la kawaida, halikuwa na lawama. Alitaka kujua tu. Angeweza kumjibu: ulifika, Ambi, ulifika mapema na sauti yake ikafika, lakini nimefundisha chuma kisikuamini. Alimtazama mdogo wake aliyemulika taa juu usiku kucha.

"Mtandao ulisumbua," alisema. "Nimeupata asubuhi."

Ambilikile akaitikia kwa kichwa, na mabega yake yakalegea kidogo. "Afadhali. Ungeteseka bure njia nzima."

Saa chache baadaye simu ya Gwantwa ilitikisika kwenye begi lililowekwa kando yake. Alijua asiifungue, akaifungua. Zabibu alikuwa ameandika: *Dada pole. Yule baba hakuwahi. Nilimwambia Mbeya tuliposhuka, akakimbilia basi, amepigiwa simu akiwa Mlowo, mkewe amefariki. Hajui habari ya kiti. Amenipa salamu, kasema nikushukuru ulimtuliza sana moyo jana.*

Mlowo na Vwawa ni pua na mdomo.

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, ameinama juu ya mfuko wa korosho, na wanawake wakamzunguka, wakamfunika kanga, wakasema mwacheni, mwacheni atoe uchungu wa mama yake. Hakuna aliyemuuliza mengine. Ambilikile alimshika bega, akamwambia jikaze dada, ulifanya ulichoweza, ulikuja mpaka kwa ndege. Alisema hivyo kwa fahari kidogo, na wanaume wawili watatu waliosikia wakatikisa vichwa kwa heshima. Si kila mtu anayepewa ndege.

Mchana shangazi yake wa Kyela aliwasili, yule aliyekata tiketi jana. Hakuja kwa msiba, masikini. Alikuwa anakuja kumwona mgonjwa, na kikapu chake kilikuwa na samaki wa kumtengenezea supu. Alipita katikati ya watu, akavuka mgomba kwa shida, akajiinamisha mpaka chini kwenye mkeka. Alikuwa mzee, na mdomo wa mzee hutangulia na kile ulichozoea hata siku ya kilio. Akamshika Gwantwa mashavu kwa viganja viwili vyenye baridi.

"Ugonile, mwanangu?" aliuliza.

Watu walinyamaza kusubiri aitikie, maana salamu ya mkubwa haiachwi.

"Nimelala, shangazi," alisema Gwantwa. "Nimelala usingizi mzuri sana."